Mstari wa Kwanza wa Jiwe la Nyakoda

Nyakoda,
Jumamosi, 1 Februari 2025

Kwako Joram Okinyi, mtoto wa marehemu ndugu yangu,

Nakusalimu kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto umeshika fimbo. Sisi huku tu wazima. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio, na mwezi huu limesema kweli mara tatu. Debra, mkaza mwanangu, ameanza kufuga kuku wa mayai, na sasa nyumba nzima tunaamka kwa ratiba ya kuku. Ng'ombe uliyeniachia amezaa ndama dume mkaidi ajabu. Watoto walitaka kumwita Griffins kwa jinsi anavyofanana na baba yako kwa tabia. Nimekataza, lakini nimecheka.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu hukaa kwa Debra, na ujumbe ukiingia husomwa kwa sauti kama tangazo la mazishi. Barua atakuletea Maryanne, jirani yetu anayeuza nyanya soko la Kibuye kila Jumapili. Majibu umpe yeye, na uyafunge vizuri, Maryanne ana macho.

Sasa neno lenyewe. Kamati ya jiwe imekubaliana, jambo ambalo sikulitarajia kabla sijafa. Baada ya mikutano tisa na chai isiyo na idadi, Nyakoda itakuwa na jiwe la ukumbusho wa watu wake waliokwenda vita vya Wazungu na hawakurudi. Litasimama njia panda, kati ya kanisa na josho la ng'ombe, ili wacha Mungu na wasiomcha wote walione. Jiwe limetoka upande wa Sondu na lori litalishusha kwako Kaloleni wiki ijayo. Kamati ilitaka fundi wa nje. Nikawaambia mpwa wangu anachonga mawe ya makaburi mwaka wa ishirini na tano huu, na hakuna marehemu aliyewahi kurudi kulalamika.

Majina ni kumi na moja, nimeyaandika kwenye karatasi ya pili. Mzee Ondigo alitaka na babu yake awemo, yule aliyejificha ghalani miezi mitatu watu walipokuwa wakikamatwa kwenda kubeba mizigo ya vita. Anasema, "Na yeye aliteseka. Alikuwa anakula mtama mbichi." Tumemkatalia.

Jina la kwanza ni Absalom Obonyo, baba yangu, babu yako. Unajua aliondoka mwaka 1942 mimi nikiwa tumboni. Wenzake waliporudi kutoka Burma walisema lori lake liliungua. Mwili haukuja, basi mwaka 1946 wazee wakafanya kama desturi yetu: wakakata tunda la mti wa yago, lile refu na zito, wakalivika blanketi, wakalilia, wakalizika uani mahali pake. Nilikuwa na miaka mitatu. Niliuliza kwa nini tunazika tunda, nikafinywa. Tangu siku hiyo napalilia kaburi la tunda, Joram, na halina jina. Nina miaka themanini na miwili na sijawahi kuona jina la baba yangu limeandikwa popote, si kwa wino wala kwa chokaa. Nataka nilione na niliguse. Sherehe ni Jumamosi, tarehe 16 Agosti.

Basi anza na mstari wa kwanza.

Shangazi yako,
Seline Achola


Kaloleni, Kisumu
Jumapili, 16 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Salamu zako zimefika zikiwa na harufu ya nyanya. Sisi hapa hatujambo. Winny, mke wangu, anakusalimu na kuuliza kama goti lako linaweza kutabiri na maji ya mfereji, kwa sababu hapa Kaloleni hakuna ajuaye yatakuja lini. Huyo ndama usimbadilishe tabia. Baba angefurahi jina lake kupewa mwenye pembe.

Jiwe limefika. Vijana sita walilishusha, na majirani wote wakatoka kuuliza nani amekufa. Nikawaambia ni watu kumi na mmoja, na si wa juzi. Jirani mmoja akanishika bega akasema, "Pole sana, fundi. Ilikuwa ajali?" Imebidi niandike kwa chaki, "Jiwe la Ukumbusho, Msilie."

Shangazi, ni jiwe zuri. Ukiligonga linaitikia. Nimefurahi kwamba kazi hii imekuja kwangu, nasema kweli. Tangu utotoni uliniambia mimi ni mjukuu wa askari, na mbele ya wenzangu shuleni nilimpandisha cheo babu kila muhula. Nilipofika darasa la saba alikuwa jenerali.

Kesho nakwenda Port Victoria siku tatu. Kuna mama mmoja mfanyabiashara wa samaki anataka kaburi la baba yake liandikwe upya. Nikirudi tu naanza mstari wa kwanza.

Mpwa wako,
Joram


Nyakoda,
Jumamosi, 15 Machi 2025

Joram,

Hatujambo. Ndama amekula daftari la kamati, kurasa za mikutano mitatu, kwa hiyo sasa kila mtu anadai alisema jambo la busara siku hiyo. Mvua imeanza. Debra amepoteza kuku wawili kwa kicheche na amemwekea mtego uliomnasa mchungaji wetu aliyekuja kutuombea. Kiatu tu, mguu ni mzima.

Jumapili tatu sasa Maryanne anarudi bila barua. Ulikwenda Port Victoria kuandika kaburi ama kuingia ndani yake? Niandikie umefika wapi. Kamati inaniuliza kila siku na nimechoka kusema fundi yuko kazini kana kwamba nimemwona.

Shangazi


Kaloleni,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kwa kimya. Tuko salama. Winny amepata kazi ya kushona sare za shule na sasa tunalala juu ya vitambaa vya kijani. Mpe mchungaji pole ya kiatu.

Jiwe linaendelea vizuri. Majina kumi yamekwisha, herufi zimekaa, hata mtu asiyeona anaweza kuyasoma kwa kidole. Nimebakiza mstari wa kwanza. Hapo juu jiwe lina mshipa mgumu, na tindo zangu zimekwisha makali. Nimeagiza nyingine. Usiwe na wasiwasi.

Port Victoria kazi ilikwisha salama. Samaki ni wengi.

Nina swali, la kupitisha wakati tu. Dana, mama yako, aliwahi kukueleza wazee waliamua vipi kuzika lile tunda? Nani alisema wasingoje tena? Na baba yangu alizaliwa mwezi gani? Najua ni baada ya tunda kuzikwa, naye ni wa yule ndugu wa babu aliyemrithi Dana, lakini mwezi sijawahi kuujua.

Joram


Nyakoda,
Jumamosi, 26 Aprili 2025

Joram mwanangu,

Nimefurahi kusikia habari za Winny na vitambaa. Huku mahindi yamefika magotini, na ni mazima kuliko goti langu lenyewe. Ndama ameachishwa kunyonya na anatulaumu sisi sote kwa macho.

Sasa, nimefundisha watoto miaka thelathini na mitano. Mtoto anayesema kalamu imeisha wino na huku anatazama dirishani, namjua. Mshipa mgumu gani huo wa jiwe unaoanza na kuishia kwenye mstari mmoja?

Lakini umeuliza, nitakujibu. Aliyesema wasingoje ni babu mzaa baba yangu. Alisema mtu asiyezikwa hutangatanga na huwazuia walio hai kuoa, kujenga na hata kupanda. Mama alikuwa na miaka ishirini na mmoja, ameketi mlangoni miaka minne. Alinyolewa, akavaa nguo za mjane, kisha ndugu wa marehemu akampokea kama desturi. Griffins akazaliwa Desemba 1947. Kwa kwetu ni mtoto wa Absalom Obonyo, na hakuna mtu Nyakoda aliyewahi kusema vinginevyo akabaki na meno yote. Mimi nilimbeba mgongoni mpaka akawa mzito kuliko mimi.

Ndivyo ilivyokuwa. Kuna mambo mengine ya miaka ile ambayo hayahitaji karatasi. Kwa nini unauliza?

Shangazi


Nyakoda,
Jumamosi, 31 Mei 2025

Joram,

Salamu kwa Winny. Kwako nitazitoa ukijibu.

Jumapili iliyopita nilimtuma Maryanne apite Kaloleni akaone jiwe kwa macho yake, yale niliyokuonya. Anasema mstari wa kwanza ni laini kama meza, na kwamba umeusugua kwa msasa mpaka unang'aa. Mtu hasugui mahali anapongoja tindo mpya. Anasema pia kwamba alipokuuliza ulimpa soda ukaanza kuzungumzia mvua.

Mwanangu, najua huniogopi mimi. Kwa hiyo kuna jambo unaogopa kuniambia, na hilo ni tofauti. Nina miaka themanini na miwili. Nimezika mume, ndugu na tunda. Niambie.

Shangazi yako


Kaloleni,
Jumapili, 15 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Salamu kwanza, maana ulinifundisha kwamba hata mwenye kuleta habari mbaya hubisha hodi. Hatujambo. Barua hii nimeianza mara nne na nne zote zimewasha jiko la Winny.

Yule mama wa Port Victoria anaitwa Emmaculate Nekoye. Ana miaka kama sabini, anauza samaki kwa jumla, na sauti yake husikika mpaka majini. Alinipa karatasi ya maneno ya kuandika kaburini. Ilikuwa hivi: "Absalom Obonyo Wakhisi. Mwenyeji wa Nyakoda. Askari wa Burma. Alifariki 9 Machi 1984."

Nilisimama na karatasi ile mkononi mpaka akaniuliza, "Fundi, mbona umesimama hivyo? Umeona nyoka?"

Nikamwuliza baba yake alikuwa mtu wa aina gani. Akacheka. "Baba alikuwa Mjaluo wa huko chini. Hiyo Wakhisi ni jina watu wa hapa walimpatia. Mguu moja ilikuwa mbaya, ya vita. Aliniambia alikaa hospitali kule India, halafu Nairobi, miaka mbili. Kurudi kwao akapata wamemzika."

"Wamemzika vipi?" nikamwuliza, kama sijui.

"Wamezika tunda! Alifika mpaka kwa lango, akaona kaburi uani, akauliza mama moja mzee anateka maji, hii ni ya nani? Mama akasema ni ya Obonyo, alikufa vita. Akaona bibi yake ako mlangoni na mtoto kijana mdogo kwa mkono. Baba akageuka. Alikuwa anasema mtu hawezi ruka kaburi yake mwenyewe akaingia kwa nyumba."

Wazee wetu wangesema hivyohivyo, Shangazi. Aliyekwisha kuzikwa hapiti langoni. Lakini hilo silo lililonifunga mkono. Huyo mtoto alikuwa baba yangu. Kama babu angeingia, Griffins angekuwa mtoto wa nani? Babu aliona mtoto amekalia nafasi yake, akamwachia. Na mimi nimekula jina la askari miaka hamsini, nikampa cheo cha jenerali, na kumbe sisi ndio tuliomfungia lango. Wewe ulimkosa baba yako kwa ajili yetu.

Mama Emmaculate aliniuliza, "Wewe umetoka wapi?" Nikasema Kisumu. Akaniuliza, "Kabla ya Kisumu?" Nikasema Kisumu. Nilikula samaki wake, nikaandika jina la babu yangu kwenye kaburi la kweli, nikaondoka bila kusema.

Sasa sijui la kufanya. Jiwe ni la watu ambao hawakurudi. Nikimwandika, nachonga uongo kwenye jiwe. Nisipomwandika, ninakunyang'anya kitu pekee ulichoomba. Ndiyo sababu mstari ni laini kama meza. Nisamehe, Waya, shangazi yangu.

Joram


Nyakoda,
Jumamosi, 19 Julai 2025

Joram mwanangu mpendwa,

Nakusalimu, nawasalimu na Winny, na vitambaa vyake, na kila aliye Kaloleni. Kuku wa Debra wameanza kutaga. Nina habari nyingi, kaa chini.

Nimenyamaza wiki tano. Usidhani ni hasira. Mbili nilikuwa nalia kidogo na kucheka zaidi, na tatu nilikuwa safarini na kupumzika kutoka safarini.

Kuna jambo nilikuficha, na mimi ni mwalimu, nilijua kabisa kwamba nakuficha. Nilipokuwa mtoto kulikuwa na mgeni aliyekuja kila mwaka baada ya mavuno. Alikuwa mrefu, anachechemea, amevaa kofia ya majani. Alikuwa akisimama nje ya ua wetu wa minyaa na kubisha kwa fimbo. Aliitwa Wakhisi, rafiki wa baba vitani, ndivyo tulivyoambiwa. Hakuingia hata mara moja. Mama naye hakutoka hata mara moja. Lakini alikuwa akipika kuku, kuku mzima, na kututuma mimi na Griffins tumpelekee nje kwenye sahani yenye ua la bluu, ambayo hata mchungaji hakuwahi kulia chakula. Yule mgeni alikula polepole sana akitutazama. Kisha alitupa zawadi, na daima zilikuwa mbili. Vibao viwili vya kuandikia. Penseli mbili. Mwaka mmoja, kofia mbili. Yangu na ya Griffins, sawa kwa sawa. Baba yako aliipoteza ya kwake ziwani akalia wiki nzima.

Sikuelewa. Halafu mwaka 1984 mchuuzi mmoja wa samaki alipita akasema yule Mzee Wakhisi amefariki kule Port Victoria. Mama aliingia ndani, na alipotoka alikuwa amenyoa nywele zote. Joram, mjane hanyoi mara mbili kwa mume mmoja. Nilimtazama, akanitazama, akaniambia niende nikaanike mtama. Tangu siku ile nilijua na sikujua. Nilisema, nikiliona jina lake kwenye jiwe miongoni mwa waliokufa Burma, basi nitakuwa nimechagua, na shauri litakwisha. Ndiyo sababu nilikuwa na haraka. Wewe ulikuwa unanificha mimi, mimi nakuficha wewe, na Nyakoda nzima pengine inatuficha sisi sote.

Basi nilipopata barua yako nilimwambia Maryanne aache nyanya. Tukaenda Port Victoria. Nilivaa gauni langu la kustaafu.

Emmaculate alikuwa kwenye kibanda chake anagombana na mteja. Ana mwanya wangu, Joram, mwanya huuhuu, na anashika kiuno ninavyoshika. Maryanne alianza kucheka kabla sijasema neno. Yule mama akageuka, akanitazama tangu utosini mpaka kwenye fimbo, akaweka samaki chini.

Akasema, "Wewe ndio Achola. Mmekawia! Na Griffins ako wapi?"

Maryanne akaniketisha juu ya kreti. Nikamwuliza amewajuaje Achola na Griffins. Akasema, "Baba alikuwa anahesabu watoto sita. Achola, Griffins, halafu sisi wanne. Kila siku ya Krismasi anahesabu sita. Sisi tuko nne! Tulikuwa tunasema ni pombe inahesabu."

Mwanangu, soma hapo tena, taratibu. Achola, Griffins, halafu wale wanne. Hakuna aliyemfungia mtu lango. Babu yako alimwona mtoto mikononi mwa mkewe, akageuka kwa sababu alijua sheria ya kwetu, kisha akaenda akamhesabu kuwa wake mpaka alipokufa. Wewe ni mjukuu wa askari yule kwa desturi, na kwa kinywa chake mwenyewe. Cheo cha jenerali ndicho sikubali.

Nilimwambia Emmaculate kwamba Griffins alikufa mwaka 2009 na kwamba yule fundi aliyeandika kaburi ni mwanawe. Alipiga kelele mpaka boti zikageuka. "Huyo mtu alikula samaki yangu mbili akanyamaza?" Anakungoja. Nenda ukiwa umejiandaa kula adhabu.

Nimelala kwake siku nne. Tumegombana juu ya chumvi, juu ya dini, na juu ya nani anakoroma. Sijawahi kuwa na dada. Ni kazi.

Sasa shauri la jiwe. Nimeliweka mbele ya kamati lote, bila kuficha. Watu walitazama viatu vyao. Kisha mmoja baada ya mwingine wakaanza: aa, mama yangu alimjua, aa, bibi yangu ndiye aliyekuwa akiteka maji. Nikasema tumwondoe kwa kuwa alirudi. Mzee Ondigo akasimama. Nilijua atasema basi na babu yake wa ghalani aingie. Akasema, "Mtu ambaye aliona kaburi yake mwenyewe na akaenda bila kusumbua mtu, huyo apewe laini mbili." Wakapiga makofi. Nimemsamehe Ondigo mambo mengi siku ile, ingawa si yote.

Emmaculate atakuja na fimbo ya baba na kofia yake ya majani. Aliyezikwa hapiti langoni, sawa. Wazee wamekaa wakakubaliana kwamba hakuna sheria iliyosema hawezi kupita penye ua. Tutakata mlango mpya katika minyaa upande wa ziwa, na baba ataingia hapo. Ni desturi mpya, nimeitunga mimi na Ondigo, lakini zote zilitungwa na mtu siku moja.

Kwa hiyo mstari wa kwanza uchonge hivi: Absalom Obonyo. Tulimzika 1946. Alirudi 1948. Kisha acha nafasi ya maneno mawili, uje na tindo na nyundo.

Shangazi yako anayekupenda,
Seline


Kaloleni,
Jumapili, 27 Julai 2025

Waya,

Hatujambo, hatujambo kabisa. Winny alinikuta uani nimekaa chini, barua yako magotini, akadhani nimeumwa. Nilimpa asome. Akalia juu ya sare ya darasa la tatu, imebidi aifue.

Nimechonga. Ule mshipa mgumu umetoweka, sijui umekwenda wapi. Mkono ulikwenda wenyewe. Jirani yule wa ajali alikuja akasoma kwa sauti, akakuna kichwa. "Sasa, fundi, huyu walimzika halafu ndio akarudi?" Nikamwambia ndiyo, kwetu hatupendi kuchelewa kazi. Alicheka, akarudi kumleta mkewe naye asome.

Mwambie Mama Emmaculate nakuja na magoti yangu mawili, achague la kupiga. Na nafasi ya maneno mawili nimeiacha. Nitangoja pale njia panda nikiwa na nyundo. Nikisikia vigelegele naanza.

Joram Okinyi, mjukuu wa askari


Nyakoda,
Jumatano, 20 Agosti 2025

Mwanangu Joram,

Najua tumeagana juzi tu, na bado mgongo unaniuma kwa jinsi ulivyonikumbatia. Kuku wanne wa Debra waliishia kwenye sherehe, naye anasema jiwe lijalo liwe la kuku. Emmaculate hajaondoka. Amesema siku mbili, halafu nne, sasa ameleta begi lake la pili na anamfundisha Maryanne kuuza nyanya kwa kelele.

Nakuandikia kwa sababu ulikuwa njia panda na kuna jambo hukuliona.

Vijana walikata minyaa asubuhi. Kaburi la tunda nililipalilia kwa mara ya mwisho nikaliwekea maua, maana nalo lilifanya kazi yake vizuri miaka sabini na tisa. Emmaculate na ndugu zake watatu walikuja kutoka upande wa ziwa, yeye amebeba ile kofia ya majani juu ya fimbo, mbele yake. Ni kofia ileile, Joram. Niliikumbuka kwa utepe.

Walifika penye ua wakasimama. Watu wote wakanitazama mimi. Nilikuwa nimeandaa maneno, mwalimu hakosi maneno, lakini yalinitoka yote. Nikajikuta nimesimama ndani karibu na uwazi ule, mahali mtoto anaposimama baba yake akirudi safari. Mkononi nina sahani ya ua la bluu, na kuku juu yake. Sikumbuki kuichukua.

Nikasema, "Baba, umechelewa. Ingia, chakula kiko tayari."

Emmaculate akavuka na kofia. Basi wanawake wakapiga vile vigelegele ulivyosikia, na mimi, katikati ya kelele zote, nikasikia nyundo yako ikianza huko njia panda.

Jioni mlipokuwa mnakula nilikwenda peke yangu kuligusa. Nilipitisha kidole tangu mwanzo wa mstari mpaka mwisho wake, polepole, kama nilivyowafundisha watoto kusoma. Absalom Obonyo. Tulimzika 1946. Alirudi 1948. Na yale maneno yako mawili, vumbi lake bado jeupe: Aliingia 2025.

Wasalimu wote. Na mfuko wa mayai umpe Winny kabla hujayakalia.

Seline Achola, binti Obonyo